Janis Joplin na Motokaa Iliyokwisha Kutumika



Katika bweni letu, taa zinapokaribia kuzimwa, mazungumzo ya motokaa hayakosi. Mmoja asema atanunua ya namna hii, mwingine ya namna ile, na kila mmoja aitaka mpya, yenye kung'aa, ambayo hakuna mtu aliyeikalia kabla yake. Akitokea mwenzetu kusema kwamba yeye atatosheka na iliyokwisha kutumika, watu humcheka. Mimi nami nilikuwa mmoja wa wale wanaocheka. Lakini mwaka huu nimesoma habari za mwimbaji mmoja wa Marekani ambaye, alipopata fedha, alinunua motokaa iliyotumika na mtu mwingine, na motokaa ile ikawa mashuhuri kupita nyingi zilizonunuliwa mpya. Mwimbaji huyo ni Janis Joplin.

Mwalimu mmoja aliposikia nataka kuandika habari zake aliniuliza, kwa nini katika gazeti la shule ya misheni nimchague mtu aliyekufa kwa dawa za kulevya. Nikamjibu kwamba sitaificha habari hiyo, maana bila hiyo hadithi yake haina mafundisho. Akaniruhusu. Basi nisikilizeni.

Janis alizaliwa tarehe 19 Januari 1943 katika mji wa Port Arthur, jimbo la Texas. Ni mji wa mitambo ya kusafisha mafuta, karibu na Ghuba ya Mexico. Baba yake, Bwana Seth Joplin, alikuwa mhandisi katika kampuni ya mafuta ya Texaco. Mama yake aliitwa Dorothy. Janis alikuwa mtoto wa kwanza, na baada yake walizaliwa mdogo wake wa kike, Laura, na wa kiume, Michael. Watu hawa hawakuwa matajiri wala maskini. Walikwenda kanisani, na nyumbani mwao mlikuwa na vitabu.

Alipofika shule ya sekondari mambo yake yaliharibika. Alinenepa, akapata chunusi nyingi usoni, na wenzake wakamfanyia mzaha. Tena alikuwa na kosa jingine mbele yao. Siku zile katika Texas watoto wa Kizungu na watoto wa watu weusi walisoma mbalimbali, naye Janis, ingawa alikuwa Mzungu, alisema waziwazi kwamba ubaguzi huo si haki. Kwa ajili ya neno hilo alitukanwa. Akajitenga na wengi, akakaa na marafiki wachache waliopenda kusoma na kusikiliza santuri. Katika santuri hizo alisikia sauti za waimbaji weusi wa zamani, Bessie Smith, Ma Rainey na Lead Belly. Sauti hizo zilimwingia moyoni, akaanza kuimba kwa kuwafuata.

Alimaliza sekondari mwaka wa 1960. Mwaka wa 1962 aliingia Chuo Kikuu cha Texas huko Austin. Huko nako hakupata raha. Wanafunzi walifanya shindano la kumchagua mwanamume mwenye sura mbaya kuliko wote chuoni, na kwa ukatili wakaliingiza jina lake, yeye msichana. Mimi ninaposoma habari hii huwakumbuka wenzetu ambao sisi wenyewe tumewapa majina ya ajabu hapa shuleni. Sisi huona ni mchezo, lakini yule mwenye jina hulibeba miaka mingi.

Januari 1963 aliacha masomo akaenda San Francisco, mji wa pwani ya magharibi. Aliimba mahali hapa na pale, lakini akaanza kutumia dawa za kuchangamsha mwili, na mwaka wa 1965 alikuwa amekonda kiasi cha kutisha. Rafiki zake walimchangia nauli ya basi ili arudi kwa wazazi. Karibu mwaka mzima alikaa nyumbani, akavaa nguo za heshima, akafunga nywele zake vizuri, akarudi darasani. Wazazi wakafikiri mtoto wao amepona. Lakini Juni 1966 aliitwa tena San Francisco kuimba na bendi iitwayo Big Brother and the Holding Company, naye akaitika.

Safari hii mlango ulifunguka. Juni 1967 lilifanyika tamasha kubwa la muziki katika mji wa Monterey, California. Janis, ambaye wengi walikuwa hawajamsikia, alisimama akaimba kwa sauti iliyopasuka kama ya mtu anayelia na kucheka kwa wakati mmoja. Watu walistaajabu. Agosti 1968 santuri yao kubwa, Cheap Thrills, ilitoka, na kwa majuma manane ikashika nafasi ya kwanza Marekani. Yule msichana aliyezomewa Port Arthur alikuwa sasa na umri wa miaka 25, na fedha mkononi.

Hapo ndipo alipokwenda kununua motokaa. Septemba 1968, huko Beverly Hills, Los Angeles, alinunua Porsche 356 C ya mwaka wa 1964, ya paa la turubai linalokunjwa nyuma. Ilikwisha tembea miaka minne mikononi mwa watu wengine. Alitoa dola 3,500. Waimbaji wenye sifa kama yake waliweza kwenda dukani kununua mpya. Tena aina hiyo ilikuwa imekwisha pitwa na wakati, kwa sababu kiwanda kilikuwa kimeacha kuiunda mwaka wa 1965 na kuleta aina nyingine, ile 911.

Wengi wetu tumewahi kuona Volkswagen ya zamani yenye mgongo kama wa kobe, ambayo mapadre na walimu wa zamani waliipenda sana. Aliyeibuni ni Ferdinand Porsche. Mtoto wake, Ferry Porsche, ndiye aliyeanza kuunda 356 mwaka wa 1948 huko Gmünd, Austria, akitumia vipande vingi vya Volkswagen hiyo. Baadaye kazi ikahamia Stuttgart, Ujerumani. Basi hizi mbili ni ndugu. Zote mbili injini ipo nyuma, nayo hupozwa kwa upepo wala haina rejeta ya maji. Lakini ile ya Janis, aina ya SC, ilikuwa na nguvu za farasi 95, breki za sahani katika magurudumu yote manne, na mwendo wake uliweza kufika karibu kilometa 185 kwa saa. Kwa miaka yote, motokaa za 356 zilizoundwa ni kama 76,000 tu.

Hapa nataka niseme kidogo juu ya kununua motokaa ya namna hii iliyotumika, maana ni jambo la kufaa. Motokaa yenye paa la chuma hupata nguvu juu na chini. Ya turubai haina nguvu juu, na uzito wote hushikwa na sakafu na mihimili ya pembeni. Turubai likichakaa, maji ya mvua hupenya, hukaa chini ya mazulia, na kutu huanza kula polepole mahali pasipoonekana. Porsche 356 zina sifa ya ugonjwa huo, hasa katika sakafu na mahali pa betri. Kwa hiyo mnunuzi mwenye akili haanzi na rangi. Huinua mazulia, hugonga chuma na kusikiliza mlio wake, huingia uvunguni na tochi. Hukunja turubai na kulirudisha aone kama linafunga sawasawa. Huomba injini iwashwe ikiwa baridi, na moshi ukitoka wa buluu hujua kwamba inakula oili. Mwisho hulinganisha namba za injini na za bodi na zile zilizo katika hati. Rangi mpya juu ya chuma kilichooza humdanganya mtu mwenye haraka. Tafadhali lishikeni neno hili la rangi na kutu, maana tutalirudia.

Motokaa ya Janis ilikuwa na rangi moja tu isiyo na pambo. Yeye hakuridhika. Alikuwako kijana aitwaye Dave Richards, aliyebeba na kutunza vyombo vya bendi, naye alijua kuchora. Janis akampa dola 500, akamwambia aipambe yote. Richards akaichora kuanzia mbele hata nyuma, akiziita picha hizo historia ya ulimwengu. Alichora vipepeo, milima na mabonde ya California, nyuso za wanabendi, na alama ya nyota ya kuzaliwa ya Janis, yaani Mbuzi. Juu ya yote akapaka rangi safi isiyo na weusi wala weupe, ya kuzilinda picha. Kazi ilipokwisha, hapakuwa na motokaa nyingine duniani iliyofanana nayo.

Janis aliiendesha kila siku, sokoni, studioni, kwa rafiki zake. Mahali popote alipoisimamisha, watu waliijua, na aliporudi mara nyingi alikuta vikaratasi vya wapenzi wake vimebanwa kwenye vipangusa kioo. Mwaka wa 1969, alipokuwa akiimba katika ukumbi mmoja wa San Francisco, mwizi aliiiba. Lakini mwizi yule alikuwa ameiba kitu kisichofichika. Alijaribu kuipaka rangi ya kijivu juu ya picha ili isitambulikane, lakini haikumfaa kitu. Motokaa ilipatikana, na kwa sababu ya ile rangi safi ya kulinda, Richards aliweza kuuondoa ule ukijivu na picha zikaonekana tena.

Laiti mambo ya Janis mwenyewe yangetengenezeka kwa urahisi huo! Alikuwa ameiacha bendi yake ya kwanza mwishoni mwa 1968. Akaunda nyingine, akaimba Ulaya mwaka wa 1969, na Agosti mwaka huo akaimba katika tamasha la Woodstock mbele ya umati wa mamia ya maelfu. Lakini jukwaani alipendwa na maelfu, na usiku akarudi chumbani peke yake. Alikunywa pombe nyingi, akajidunga heroini. Mara aliacha, mara alirudia.

Nisiache kusimulia jambo moja jema alilolifanya katika miezi yake ya mwisho. Bessie Smith, yule mwimbaji mweusi aliyemfundisha kwa santuri, alikufa mwaka wa 1937 kwa ajali ya motokaa katika jimbo la Mississippi. Alizikwa karibu na Philadelphia, na kwa miaka 33 kaburi lake lilikaa bila jiwe la ukumbusho. Agosti 1970 Janis alitoa fedha, pamoja na Bibi Juanita Green, mwanamke mweusi aliyewahi kumfanyia kazi Bessie Smith alipokuwa mtoto, na jiwe likawekwa. Mtu aliyekuwa na deni la sauti alilipa deni lake. Mimi huhesabu fedha hizo kuwa ndizo alizozitumia vizuri kuliko zote, hata kuliko zile za motokaa.

Mwezi huo huo alikwenda Port Arthur kukutana na wenzake waliomaliza naye sekondari miaka kumi nyuma. Alikwenda na mavazi ya rangi nyingi na manyoya kichwani, waandishi wa magazeti wakimfuata. Labda alitumaini kwamba wale waliomzomea sasa watamheshimu. Walimtazama kama watu wanavyotazama kioja, lakini ile heshima aliyoitafuta hakuipata. Alirudi California na huzuni yake.

Septemba 1970 alikuwa Los Angeles na bendi mpya, Full Tilt Boogie, wakitengeneza santuri iliyoitwa Pearl. Tarehe 1 Oktoba alirekodi wimbo mfupi, sauti yake tupu bila chombo, uitwao Mercedes Benz. Ni wimbo wa mzaha. Ndani yake mtu anamwomba Mungu ampe motokaa ya fahari kwa kuwa rafiki zake wana zao. Janis aliwacheka watu wanaodhani kwamba raha ya moyo hununuliwa dukani. Na mcheshi mwenyewe alikuwa na Porsche yake. Alijua anachokisema, kwa sababu kitu alikwisha kukipata na raha haikuja nacho.

Siku tatu baadaye, Jumapili tarehe 4 Oktoba 1970, alingojewa studioni asitokee. Bwana John Cooke, aliyesimamia safari za bendi, akaenda hoteli alimokaa. Akaiona ile Porsche yenye vipepeo imesimama nje, akajua kwamba mwenyewe yumo ndani. Alipofungua chumba alimkuta sakafuni, amekwisha kufa kwa heroini. Umri wake ulikuwa miaka 27. Wimbo mmoja wa santuri ile ulibaki na vyombo tu, kwa sababu siku ya kuutia sauti hakuwako tena. Mwili wake ulichomwa, na majivu yakatawanywa katika Bahari ya Pasifiki. Pearl ilitoka Januari 1971, ikashika nafasi ya kwanza kwa majuma tisa, na yeye hakuyaona hayo.

Motokaa ilibaki. Kwa muda ilikuwa kwa meneja wake, kisha ikarudi kwa ndugu zake, Michael na Laura. Picha zilikuwa zinabanduka, hata Michael akaipaka upya rangi ya kijivu, akaiendesha kama motokaa ya kawaida. Katika miaka ya 1990 ndugu hao waliwapa wasanii kazi ya kuchora tena picha zote kwa kufuata zile za zamani. Toka mwaka wa 1995, kwa muda wa karibu miaka ishirini, ilionyeshwa katika jumba la makumbusho ya muziki wa roki katika mji wa Cleveland, Ohio. Desemba 2015 iliuzwa kwa mnada katika New York. Waliotazamia bei kubwa walisema dola 600,000. Ilipata dola 1,760,000, yaani zaidi ya mara mia tano ya bei aliyoitoa Janis.

Sasa, wenzangu, nisemeje? Motokaa ile ilipotoka kwa mwuzaji mwaka wa 1968 ilikuwa moja tu kati ya maelfu, yenye miaka minne, ya aina iliyoachwa kuundwa. Haikumpa Janis jina, bali Janis ndiye aliyeipa jina. Watu hawakutoa fedha zile nyingi kwa ajili ya chuma cha Stuttgart. Walizitoa kwa sababu ya sauti ya yule aliyeshika usukani. Nasi hapa hufikiri kinyume, kwamba kitu kitatupa heshima tusiyokuwa nayo. Kijijini kwetu yuko kijana aliyekopa fedha mara tu alipopata mshahara wa kwanza, akanunua motokaa kubwa ili wazee wamwamkie. Leo imesimama chini ya mwembe bila magurudumu, kuku hutagia ndani, na deni bado analilipa. Wazee humwamkia kama zamani, si zaidi.

Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimesema nusu. Nimewaambia kwamba mnunuzi mwenye akili hutazama chini ya rangi. Janis alikuwa na rangi nyingi, manyoya, makofi ya maelfu ya watu, na motokaa ambayo kila mtu aliigeukia. Kutu ilikuwa chini, imeanza tangu siku za kuzomewa shuleni. Waliomshangilia wengi walitazama rangi. Hata mwizi akiipaka motokaa rangi ya uongo, rangi hiyo yaweza kuondolewa na ya kweli ikaonekana. Lakini mtu akioza ndani peke yake, bila mwenzake kuinua zulia na kutazama, nani atamtengeneza?

Basi mimi nimeazimia mambo mawili. Kwanza, siku nikipata fedha za motokaa, nitanunua iliyotumika bila haya, na nitaanza na uvungu. Pili, sitamcheka tena mwenzangu bwenini kwa sura yake wala kwa hali yake, kwa maana sijui chini ya rangi yake pana nini. Kama mmoja wenu naye ataazimia hivyo, nitakuwa sikuandika bure.